Mtu Aliyekiri Kuua Mashine za Korosho

Vijana wangu mawakili, kitu cha kwanza mtakachohitaji katika usuluhishi wa kimataifa ni jenereta. Sheria mtaikuta mbele ya safari. Nimewahi kuwaona wasuluhishi watatu wenye mvi, kila mmoja katika nchi yake, wameganda kwenye skrini midomo wazi kwa sababu umeme wa Magomeni ya hapa Mtwara ulikuwa umekatika, na shahidi wangu akaendelea kuwajibu kwa heshima zote mpaka nilipomgusa bega. Akaniambia alidhani wazee wanatafakari.

Jina langu Lidia, Mmakua wa Masasi niliyeolewa Mtwara mjini. Sasa nimestaafu na ninafuga kuku, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya uwakili nilikuwa mtu wa huku wa kampuni ya mawakili wa kimataifa inayoshughulikia migogoro ya kibiashara ya wateja wa Kijapani. Mjapani akiuza mashine huku kwetu, au akinunua mzigo, kisha wakakosana, mkataba kwa kawaida hauwapeleki mahakamani. Unawapeleka kwa wasuluhishi, watu walioteuliwa na pande zote mbili, ambao husikiliza shauri faraghani na kutoa uamuzi. Mawakili wakubwa walikaa Singapore na London. Mimi nilikaa huku, nikatafuta mashahidi, nikapanga chumba, nikanunua dizeli.

Usuluhishi ni siri. Ndiyo maana hapa sitataja kampuni, wala kiwanda, wala mwaka. Mtwara nzima inajua, lakini haikujua kutoka kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Likwata, wakili wa zamani aliyevaa tai hata akienda shambani. Aliniambia shahidi hahojiwi ofisini. "Ofisini, binti yangu, shahidi anakwambia anachodhani unakitaka. Nenda kwake. Kaa. Kula utakachopewa. Uliza habari za mikorosho yake. Ya kesi yatakuja yenyewe wakati unaaga, umeshasimama na mkoba uko begani." Ni kweli kabisa. Sijawahi kupata neno la maana kutoka kwa shahidi kabla ya kusimama na mkoba. Kwa ushauri huo nimekula ming'oko mingi sana kwa ajili ya haki, na kama hamjawahi kula mizizi hiyo ya porini kwenye kijiji ambacho chumvi imekwisha, msizungumze nami habari za kujitolea.

Siku hizi mnatuma kila kitu kwa kubofya. Sisi vielelezo tulivituma Dar kwa basi, katoni zimefungwa kwa kamba ya katani, nikimbembeleza kondakta kama vile nampa mtoto mchanga. Katoni moja ilisafiri chini ya tenga la kuku. Mawakili wa London walipokea viapo vyenye manyoya, wakaniandikia kwa adabu kuuliza kama manyoya ni sehemu ya kiambatisho.

Wateja wa Kijapani wana mambo mawili ya kuyazoea. La kwanza, wanasoma. Mteja wa kawaida anasoma ukurasa wa mwisho. Hawa wanasoma hadi kiambatisho ambacho wewe mwenyewe ulikitia ili faili lionekane nene. La pili, wananyamaza. Ukimaliza kueleza, mteja ananyamaza, na wakili kijana anaogopa kimya, anaanza kuongeza maneno, na hayo ya nyongeza ndiyo yatakayomponza. Nyamaza nawe. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kimakua hapati taabu.

Bwana Hayashi alikuwa mkuu wa idara ya sheria ya kampuni ninayotaka kuwaeleza habari zake. Alikuja Mtwara mara moja, akaniletea boksi la biskuti, kila biskuti imevishwa karatasi yake peke yake. Nami nikamwekea sahani ya korosho za kukaanga. Akazitazama. Akanyamaza. Kisha akauliza kama ni kielelezo cha upande wa pili.

Nikasema hapana, ni za shemeji yangu wa Nanyamba.

Akauliza kama shemeji yangu anafanya kazi kiwandani.

Nikasema shemeji yangu hafanyi kazi popote. Ndipo akala moja.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kampuni yake ilikuwa imekiuzia kiwanda kimoja cha huku mashine mbili za kubangulia korosho. Mashine ya kwanza ilikufa katikati ya msimu, ya pili ikafuata wiki ileile. Kiwanda kikasema mashine ni mbovu. Wateja wangu wakasema mashine ni nzima, kiwanda ndicho hakikujua kuzitumia. Shauri likaenda kwa wasuluhishi.

Fundi wa mashine hizo pale kiwandani aliitwa Agostino. Alikuwa Mmakonde, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mama yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita akiwa amembeba mgongoni, na ingawa amekulia hapa, ameoa hapa na kuzaa hapa, kila ofisi mpya aliyoingia ilimuuliza tena kwao wapi. Mtunza stoo wa kiwanda aliitwa Bakari, Myao, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno mengi. Hao wawili walikuwa watani.

Ninyi mliokulia mjini mnadhani utani ni kuchekeshana. Utani ni kazi. Wamakonde, Wayao na Wamakua tumeupokea kwa mababu: mtani anakutukana nawe huruhusiwi kununa, anachukua kofia yako nawe huruhusiwi kuidai, na siku ya msiba wako atasimama mbele ya jeneza azuie mazishi mpaka ajibiwe. Na mimi, kwa kuwa Mmakua, nilikuwa mtani wa wote wawili. Walinitukana kwa usawa.

Jambo hilo lilinipa shida mapema. Kampuni hizi kubwa zina idara nzima kazi yake kuuliza kama una uhusiano na mtu yeyote katika shauri. Nilijibu kwa ukweli: nina watani wawili. Wakaandika kutoka London kuuliza ni uhusiano wa namna gani. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Wakauliza unakwisha lini. Nikasema haukwishi. Wakauliza kama ninaweza kuusimamisha kwa muda wa shauri. Nikasema mababu hawana idara ya kupokea maombi hayo. Mwishowe wakaniruhusu, kwa sharti kwamba nisitukanwe nikiwa kazini. Sharti hilo lilivunjika siku ya kwanza, langoni mwa kiwanda, kabla sijashuka kwenye bajaji.

Sasa, siku mashine ya kwanza ilipokufa, Bakari alimtumia Agostino ujumbe wa sauti kwenye simu. "Wee mvuka mto, nasikia mashine imekufa. Umeilisha wale panya mnaokula kwenu?"

Agostino akamjibu kwa lafudhi yake ya Kimakonde na sauti yake ya siku zote, kama ya msibani. "Nimeiua mie mwenyewe, ntani. Kaburi nshachimba. Na ile ya pili naiua wiki hiihii. Wee lete ubwabwa tu, Nyao nkubwa, msiba nkubwa huu."

Bakari alifurahi sana, akaurusha ujumbe kwenye kundi la wafanyakazi ili na wengine wafurahi. Siku chache baadaye, bila kushauriana na mtu yeyote, mashine ya pili ikafa.

Katika usuluhishi kila upande unaweza kuombwa ukabidhi nyaraka kwa mwenzake. Sisi tuliomba mawasiliano yote ya wafanyakazi kuhusu mashine, tukapewa. Wakili wetu mkuu alikuwa dada mmoja wa Singapore aitwaye Priya, mtu makini asiyepaza sauti. Aliposoma tafsiri alinipigia. "Lidia," akasema, "tunalo ungamo."

Nikamwambia, "Tunao utani."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hilo nilimheshimu. Kisha akauliza kama jambo hilo lina rejea, limeandikwa mahali pa kulitaja mbele ya jopo. Nikasema limeandikwa kwenye kila msiba kuanzia Masasi hadi Msimbati, lakini namba za kurasa sina. Akafikiri. Akasema ujumbe huo hawezi kuuficha wala kuutangaza kama ushindi. Atamuuliza shahidi waziwazi, shahidi atasema alikuwa anatania, na mambo yataishia hapo. Niliona ni haki. Hata leo naona ilikuwa haki.

Ila kuna kanuni moja ya utani sikumwambia, kwa kuwa sikudhani itahitajika. Utani haufafanuliwi. Anayenuna ameshindwa, na anayesema "nilikuwa natania" mbele ya mtani wake ameshindwa vibaya zaidi, na atasikia habari hiyo mpaka kufa kwake. Agostino na Bakari walikuwa wameshindana hivyo tangu ujana wao, na hakuna aliyewahi kushindwa.

Shauri lilisikilizwa kwa video. Hoteli yenye mtandao wa kuaminika ilikuwa moja, kwa hiyo mashahidi wote wa Mtwara walitolea ushahidi katika ukumbi mmoja. Nilikuwapo kwa niaba ya upande wetu. Alikuwapo wakili wa kiwanda, meneja wa kiwanda, na mkalimani kutoka Dar, kijana hodari aliyetafsiri kila neno kama lilivyotoka. Asubuhi alianza Bakari, akaeleza habari za vipuri vya stoo, akamaliza. Shahidi aliyekwisha kutoa ushahidi anaruhusiwa kubaki, naye alibaki. Kulikuwa na kiyoyozi, na kulikuwa na sambusa.

Kisha akaingia Agostino. Priya akamsomea ujumbe wake kutoka Singapore, taratibu, akamuuliza, "Ulisema maneno haya?"

"Nilisema."

"Ulikuwa na maana gani?"

Agostino akageuza macho. Pale ukutani, sambusa mkononi, alikaa Bakari, ametabasamu kwa subira ya mtu aliyengoja siku hiyo maisha yake yote.

"Maana yake hiyohiyo," akasema Agostino. "Niliiua."

Mkalimani akatafsiri. Wakili wa kiwanda akaacha kuandika. Meneja akamgeukia fundi wake kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja wa Uswisi, akasogea karibu na kamera yake. "Uliiua mashine kwa makusudi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa na kelele sana. Nfano wa Nyao nwenye njaa."

Mkalimani akatafsiri na hilo. Mwandishi wa kumbukumbu, aliyekuwa London, aliomba atajiwe herufi za neno Myao.

"Na mashine ya pili?" akauliza mwenyekiti.

"Niliahidi," akasema Agostino. "Mie nikiahidi natimiza."

Vijana, lazima mwelewe nilipokuwa nimekaa. Mteja wangu alikuwa anashinda. Kila neno la mtu yule lilikuwa dhahabu kwetu, na Bwana Hayashi alikuwa kwenye kona ya skrini, amenyamaza, anasikia. Chuoni hawakufundishi kusimama na kuvunja ushahidi unaomnufaisha mteja wako. Lakini chuoni vilevile wanakufundisha kwamba wakili halipotoshi jopo, na mimi nilijua ninachokisikia si kweli. Nilimwandikia Priya kwenye simu: asimamishe. Akanijibu kwamba hawezi, mwenyekiti ndiye anayeuliza.

Mwenyekiti akavua miwani. Akamwambia Agostino kwamba maneno yake yanaandikwa, kwamba kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, na kwamba kumbukumbu hizo zinaweza kufika kwa wanaohusika na mambo hayo. Akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa," akasema Agostino.

Niliitazama ile mikono yake mikubwa juu ya meza. Nikaogopa, nawaambia ukweli, sijawahi kuogopa hivyo kazini. Mtu ambaye kila ofisi inamuuliza kwao wapi, akiandikwa kwamba amehujumu kiwanda, hapotezi kazi tu. Wanawe wangeulizwa. Wajukuu wake wangeulizwa. Neno moja lingemwokoa, na hakuweza kulisema, kwa sababu aliyekuwa amekaa ukutani ni Bakari.

Nilikuwa nimeinua mkono nusu, sijui nilitaka kusema nini, kiti kikakwaruza sakafu nyuma yangu.

Bakari alikuwa amesimama. Sambusa aliiweka kwenye ukingo wa dirisha. Tabasamu halikuwapo tena.

"Nimeshindwa mie," akasema. "Mtani, umenishinda. Mbele ya watu wote hawa na hao wa kwenye televisheni. Mimi natoka." Akanyoosha kanzu yake, akatoka, akafunga mlango taratibu nyuma yake.

Mwenyekiti akauliza yule bwana amesema nini.

"Anasema ameshindwa," akatafsiri mkalimani.

"Ameshindwa na nani? Yeye si mdaawa, hana upande katika shauri hili."

Agostino aliutazama mlango uliofungwa. Kisha akashusha pumzi, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mzee wangu," akamwambia mwenyekiti, "sasa niulize tena."

Akaulizwa tena. Akasema hakuua mashine yoyote, alikuwa anataniana na mtani wake. Akasema korosho zilitiwa zikiwa bado za moto kutoka kwenye mvuke, hazijapumzishwa, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinakimbizana na msimu. Na visu vilifungwa kwa kipimo cha korosho ndogo kuliko za huku, jambo alilomwonyesha fundi wa Kijapani aliyekuja kufunga mashine, naye akamwambia afuate kitabu cha maelekezo. Kosa la huku na kosa la kule. Wahandisi wa pande zote mbili walikuwa wameshayaandika mambo hayohayo katika ripoti zao, kurasa nyingi, na kila upande ulikuwa umesoma nusu inayoupendeza.

Tulipopumzika Priya alinipigia. Hakusema habari ya ungamo. Alisema tu, "Kwa hiyo ile ndiyo rejea yako." Nikasema ndiyo ile.

Shauri lile halikufika kwenye uamuzi. Pande zote zilikaa zikapatana. Msije mkafikiri Bwana Hayashi alikuwa malaika; alikuwa na mashine nyingine za kuuza, na uamuzi uliojengwa juu ya mzaha ungemsumbua mbele ya safari. Akaleta visu vipya vya kipimo cha korosho zetu, kiwanda kikakubali kuziacha zipoe, na kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuvifunga visu hivyo na kuvitunza, walimtaja Agostino kwenye makubaliano. Ni mkataba pekee niliowahi kuuandika wenye jina la fundi.

Siku ya kutia saini Bwana Hayashi aliniuliza swali moja nje ya shauri. Alitaka kujua yule bwana aliyetoka alipoteza nini.

Nikamwambia alipoteza kila kitu, mpaka mmoja wao atakapokufa.

Alinyamaza. Nami nikanyamaza.

Tangu siku hiyo Agostino hakumwacha Bakari apumue. Sokoni, stoo, kwenye harusi ya mwanawe Bakari mbele ya wakwe, alikuwa akipaza sauti: "Mnamwona huyu? Alishindwa mbele ya Wazungu." Na Bakari, aliyekuwa na maneno kuliko redio, alijibu kila siku kwamba ni kweli, alishindwa. Hata mara moja hakusema kwa nini.

Msimu wa korosho uliopita Agostino aliugua, na hakuugua muda mrefu. Tulimzika Nanyamba. Padri alipomaliza na jeneza lilipoinuliwa kupelekwa kaburini, Bakari alijitokeza katikati ya njia, mzee sasa, ameshika fimbo, na kanzu imenyooka kama zamani. Akalaza fimbo kuzuia njia.

"Hapiti," akasema. "Huyu ana kesi. Kabla hajafukiwa nataka nijue: mashine zile aliziua, hakuziua?"

Watu wakacheka, maana msiba wetu bila mtani ni mzigo usiobebeka. Binti mkubwa wa Agostino akasogea mbele, macho mekundu, akasimama mbele ya Bakari kama baba yake alivyokuwa akisimama.

"Aliziua, babu," akasema. "Zote mbili."

Bakari akainamisha kichwa. Alipokiinua uso wake ulikuwa umelowa.

"Haya," akasema. "Kanishinda tena." Akaondoa fimbo, akapisha.

Mimi nilikuwapo pale pembeni, wakili wa upande wa pili katika shauri lile. Nilijua ushahidi uliotolewa mazikoni ni wa uongo mtupu. Sikuweka pingamizi.